Tafu Kubwa Peke Yake Halilazi Mkono: Mwongozo wa Baisepsi kwa Mieleka ya Mkono

Mtu mwenye tafu lililojaza mkono wa fulana anashikana mkono mezani na fundi gereji mwembamba, na kabla hujapepesa jicho kiganja chake kimepinduka, kinatazama dari. Tukio hilo limezaa maoni mawili. Wa kwanza anasema baisepsi, ule msuli wa tafu mbele ya mkono wa juu, ni mapambo, mezani haina kazi. Wa pili anarudi jimu kuongeza vyuma. Wote wamekosea mahali pamoja: wanadhani baisepsi iko pale kunyanyua. Mezani baisepsi ni komeo. Inafunga kiwiko kisifunguke, ili kiganja, bega na uzito wa mwili vimalize shughuli. Na komeo la chuma kwenye mlango wa boksi halizuii mwizi. Ndiyo maana yule mwenye tafu alilazwa. Mlango wake ni kiganja, na kiganja kilikuwa dhaifu.

Kwa hiyo baisepsi ina umuhimu, ila si kwa namna ile inavyozoezwa mbele ya kioo. Hatua zifuatazo zinaonyesha inavyofaa kuzoezwa.

Hatua ya 1: Fahamu mzigo unakokaa

Kutoka kiwikoni hadi katikati ya kiganja cha mtu mzima ni kama sm 35. Kano ya baisepsi imejishika kwenye mfupa wa kigasha wa upande wa kidole gumba, na mvuto wake unapita sm 4 hadi 5 tu kutoka katikati ya kiungo cha kiwiko. Fanya hesabu: mpinzani akivuta kiganja chako kwa nguvu ya kilo 20, misuli inayokunja kiwiko inabidi itoe kati ya kilo 140 na 175 ili mkono usisogee. Hiyo ni kusimama tu, hujamlaza mtu bado.

Mzigo huo unabebwa na misuli mitatu. Baisepsi yenyewe ni mmoja. Wa pili ni brakialisi, uliolala chini yake, hauonekani vizuri kwenye kioo lakini unakunja kiwiko kwa nguvu ileile kiganja kikiwa kimegeukia upande wowote. Wa tatu ni brakioradialisi, ule unaovimba juu ya kigasha ukishika nyundo. Anayezoeza baisepsi peke yake ameajiri kibarua mmoja kwa kazi ya watatu.

Baisepsi ina kazi ya pili ambayo wengi huisahau: kugeuza kiganja kitazame juu, kama mtu anayekinga maji ya bomba. Kiganja kikiwa kimetazama chini, mchango wake katika kukunja kiwiko unapungua sana na wale wawili wengine ndio wanaobeba. Hapo ndipo swali la umuhimu wa baisepsi linapopata jibu tofauti kwa kila mchezaji.

Hatua ya 2: Tambua mtindo wako kabla ya kugusa chuma

Mtindo wa ndoano. Unakunja kifundo cha mkono kwa ndani, kiganja kinatazama uso wako, na mikono miwili inanasana kama ndoano mbili. Hapa baisepsi inafanya kazi zake zote mbili kwa pamoja, kukunja na kugeuza kiganja juu. Mchezaji wa ndoano asiye na baisepsi atafunguliwa kiwiko hata kama kifundo chake hakijalegea.

Mtindo wa toproli. Unavuta kuja kwako na kupanda kwenye vidole vya mpinzani huku kiganja chako kikigeuka kutazama chini, mpaka kifundo chake kinalala nyuma. Mtindo huu unaegemea brakioradialisi, misuli inayogeuza kiganja chini na ile ya mgongo. Baisepsi inasaidia, lakini anayetumia mtindo huu akitaka kujua aongeze nguvu wapi, tafu si jibu la kwanza wala la pili.

Mtindo wa presi. Bega linakuja nyuma ya kiganja na unasukuma kwa kifua na trisepsi, msuli wa nyuma ya mkono wa juu. Baisepsi inahitajika mwanzoni tu, kushikilia pembe hadi bega lifike mahali pake.

Jambo jingine hubadilisha hesabu: mkanda. Mikono ikiachana, mwamuzi huwafunga wachezaji mkanda ili wasiteleze tena. Ukishafungwa, mwenye vidole dhaifu hawezi kuponea kwa kuteleza, na mchezo mara nyingi huhamia kwenye kifundo na kiwiko. Kwenye mkanda, baisepsi hupanda cheo.

Wanaopenda mifano ya wakubwa hutaja John Brzenk wa Marekani, aliyetawala mchezo huu tangu miaka ya 1980 na kuwalaza watu waliomzidi uzito kwa mbali. Upande wa pili hutajwa Denis Cyplenkov wa Urusi, mwenye mikono minene kupita kiasi, ambaye alikuja kumshinda Brzenk huyohuyo. Lakini ukitazama picha za Cyplenkov usiishie kwenye tafu. Tazama vidole vyake na unene wa kifundo.

Hatua ya 3: Pima kinachofunguka kwanza

Mtafute mwenzako mnayelingana. Shikaneni mezani, viwiko vikiwa juu ya taulo lililokunjwa, mwombe avute taratibu kwa nusu ya nguvu yake, akiongeza kidogokidogo kwa sekunde 10. Wewe usishambulie, shikilia tu. Mtu wa tatu aangalie kutoka pembeni kipi kinaachia mwanzo.

Vidole vikifunguka, tatizo ni mshiko. Kifundo kikilala nyuma huku kiwiko kimebaki na pembe ileile, tatizo ni misuli inayokunja kifundo. Katika hali hizo mbili kuongeza baisepsi hakutasaidia kitu. Maliza kwanza wiki 6 za kiganja na kifundo. Kiganja na kifundo vikibaki imara lakini pembe ya kiwiko ikatanuka kutoka nyuzi 90 kwenda 110 na kuendelea, hapo sasa una tatizo la komeo, na mwongozo huu ni wako. Mkono ukienda pembeni mzimamzima bila kiungo chochote kufunguka, shida iko begani na kifuani.

Rudia kipimo mara 3 kwa kila mkono, mkipumzika dakika 2. Kipimo kimoja hudanganya.

Hatua ya 4: Andaa vifaa

Jimu ikiwa na dambeli na mashine ya kamba, vizuri. Isipokuwapo, nunua au azima ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Ndoo ya maji ina faida ambayo hata dambeli hazina: lita moja ni kilo moja, hivyo unaweza kuongeza nusu kilo kwa kumwaga chupa ya nusu lita ndani, wakati dambeli nyingi hupanda kwa kilo 2 au 2.5 kwa mara moja. Kano hupenda nyongeza ndogo.

Mbali na ndoo unahitaji kamba ya manila ya mita 3, mkanda mpana usiokata ngozi (wa judo au karate unafaa sana), taulo mbili, meza nzito, na kipande cha bomba la plastiki cha urefu wa kama sm 20. Bomba hilo pasua kwa urefu, ulivike kwenye ukingo wa meza mkabala na ulipokaa, kamba ipite juu yake bila kusuguana na mbao. Msuguano ukiwa mkubwa, meza ndiyo inayobeba mzigo badala yako, na wewe utajiona shujaa bure.

Mkono wa ndoo ni mwembamba. Uzungushie kitambaa mpaka ufikie unene wa sm 4 hadi 5. Mshiko mnene unavilazimisha vidole kufanya kazi, na ndivyo ilivyo mezani: kiganja cha mtu si fimbo nyembamba.

Hatua ya 5: Pasha

Dakika 8 hadi 10, bila mkato. Zungusha mabega, kunja na nyoosha viwiko mara 30 bila kitu mkononi, kisha kunja dumu la lita 5 mara 20 kwa kila mkono, ukipandisha hadi juu na kushusha hadi chini kabisa. Hii ndiyo seti pekee ambayo mkono unanyooka hadi mwisho chini ya mzigo. Baisepsi baridi iliyonyooka ndiyo inayochanika.

Hatua ya 6: Mazoezi yenyewe

Anza na kiganja. Kunja kifundo ukiwa umelaza kigasha pajani, seti 4 za marudio 12. Kisha funga mkanda kuzunguka kiganja karibu na shina la kidole gumba, mzigo mdogo ukining'inia upande wa nje, ugeuze kiganja kutazama chini, seti 3 za marudio 10. Mpangilio huu una sababu. Ukianza na baisepsi, mshiko unafika hapa umechoka, na wiki baada ya wiki mlango unabaki wa boksi.

Nyundo ya kushuka polepole. Shika dambeli au ndoo kama unavyoshika nyundo, kidole gumba juu. Pandisha kwa sekunde 1, shusha kwa sekunde 3, usimame pembe ikifika kama nyuzi 120, usinyooshe. Seti 4 za marudio 6 hadi 8, pumziko dakika 2. Uzito wa kuanzia ni ule unaoweza kuukunja mara 10 bila kiuno kuyumba. Kosa la kila siku hapa ni kuacha kifundo kilale nyuma ili uzito upande. Kifundo kikilala, seti imekwisha, hata kama ni rudio la pili. Unazoeza mkono wa mezani, na mezani kifundo kilicholala ni mchezo uliopotea.

Kushikilia pembe. Hili ndilo zoezi kuu la mwongozo wote, na ndilo ambalo watu wa jimu huliruka kwa sababu halivimbishi mkono siku ile ile. Kaa mezani, kiwiko juu ya taulo, mkanda kiganjani, kamba ikivuka meza na kuteremkia ndoo upande wa pili. Mwenzako ainyanyue ndoo, wewe ujipange: kifundo kimekunjwa ndani, pembe ya kiwiko nyuzi 90, bega mbele karibu na kiganja, ngumi mkabala na kidevu. Aiachie ndoo taratibu. Shikilia sekunde 8 hadi 10, kisha aipokee. Usiishushe mwenyewe kwa kuachia mkono unyooke.

Fanya mara 5: mbili kwa nyuzi 90, mbili kwa pembe ndogo zaidi, kama nyuzi 75, na moja kwa nyuzi 105. Tunatenganisha pembe kwa sababu nguvu ya kushikilia hujengeka zaidi karibu na pembe iliyozoezwa. Mwenye chuma kwenye nyuzi 75 anaweza kuwa mlaini kwenye 105. Ile ya mwisho ipunguzie mzigo kwa theluthi moja, kwa kuwa hapo ndipo kano inapovutwa vibaya. Pumzika dakika 2 kati ya kila moja. Ukifika sekunde 10 katika zote tano bila pembe kusogea, ongeza nusu lita. Nusu tu.

Baada ya hapo, chagua kwa mtindo. Wa ndoano akunje kiganja kikiwa juu, kifundo kimekunjwa tangu mwanzo hadi mwisho, seti 3 za marudio 8. Wa toproli akunje kiganja kikiwa chini, kwa nusu ya uzito wake wa kawaida, seti 3 za marudio 10. Wa presi anaweza kuyaacha yote mawili na kwenda kwenye trisepsi.

Malizia kwa kujivuta juu kwenye bomba lililovishwa taulo mbili, mkono mmoja kwa kila taulo. Marudio 5, ukisimama katikati kwa sekunde 5 kila unapopanda, seti 3. Hapa baisepsi inajifunza kushirikiana na mgongo, na mchezo unataka hivyo. Asiyeweza kujivuta aweke mguu mmoja kwenye kiti kujisaidia.

Hatua ya 7: Panga wiki

Siku mbili za vyuma, siku moja ya meza. Jumatatu na Alhamisi kwa mazoezi ya hatua ya 6, Jumapili meza, kwa mfano. Kati ya siku mbili nzito za baisepsi ziwepo saa 72 angalau kwa anayeanza. Misuli inaweza kujisikia tayari baada ya siku mbili. Kano hazijawa tayari, zinakua polepole kuliko nyama, na wewe huna namna ya kuzisikia mpaka zianze kuuma.

Wiki ya 1 na ya 2 acha marudio 3 mfukoni kila seti, yaani ishia ukiwa bado unaweza kurudia mara 3. Wiki ya 3 na ya 4 acha moja. Wiki ya 5 kata seti zote nusu, hata kama unajisikia simba. Wiki ya 6 hadi ya 8 rudi kwenye seti kamili, kisha rudia kipimo cha hatua ya 3 na mwenzako yuleyule.

Hatua ya 8: Hamishia nguvu mezani

Nguvu ya jimu haihami yenyewe. Mtu aliyezoea kukunja dambeli akisikia amri ya kuanza hufanya alichozoea: anavuta kuja juu, na kiwiko kinanyanyuka kutoka kwenye mto kinapolazwa juu ya meza ya mashindano. Hilo ni kosa la kikanuni. Katika kanuni za shirikisho la dunia, WAF, makosa mawili yanakupotezea pambano. Kwa hiyo mwenye baisepsi nzuri anaweza kupoteza kwa sababu ya baisepsi yake hiyohiyo.

Dawa ni zoezi hili. Weka karatasi chini ya kiwiko, shikana na mwenzako kwa nusu ya nguvu, na mtu wa tatu aivute karatasi taratibu. Ikitoka kirahisi, kiwiko chako kinaelea. Fanya raundi 10 za sekunde 5 hadi karatasi ikatae. Utagundua kwamba mvuto sahihi unakuja kwako na kushuka kidogo, huku uzito wa kifua ukilalia kiwiko.

Kisha jifunze kuanza na komeo likiwa limeshafungwa. Kabla ya amri, mkono wako uwe karibu na bega lako kadiri mwamuzi atakavyokuruhusu, kifundo kimekazwa, kiwiko kimekazwa. Amri ikitoka, usikunje mkono. Pembe ibaki ileile na mwili mzima usogee nayo: mguu unasukuma, kiuno kinageuka, bega linafuata kiganja. Anayeanza kwa mkono laini akitegemea kuukaza baadaye anaipokea nguvu ya mpinzani wakati baisepsi inanyooshwa, na hakuna hali mbaya kuliko hiyo kwa kano.

Hatari zisizo za mzaha

Mfupa wa mkono wa juu huvunjika kwa kujipinda, kama unavyokamua nguo. Hutokea mtu anapogeuza uso na bega mbali na kiganja chake huku mkono umebaki nyuma, akijaribu kujiokoa. Baisepsi kubwa haizuii hili. Misuli yenye nguvu inaweza hata kuongeza msokoto. Kanuni ni moja: kiganja chako kisitoke mbele ya bega na macho yako. Kikitoka, achia, upoteze.

Ukisikia mlio kama wa kamba kukatika mbele ya kiwiko, kisha weusi wa damu chini ya ngozi na tafu likakusanyika juu kuelekea begani, kano ya chini ya baisepsi imekatika. Usikandwe, usivutwe. Nenda hospitali yenye daktari wa mifupa mapema iwezekanavyo, kwa kuwa kuishona ndani ya wiki 2 za mwanzo ni rahisi kuliko kuishona baadaye, ikiwa imeshajikunja na kushikamana.

Maumivu ya kawaida zaidi ni ya upande wa ndani wa kiwiko, kwenye kile kinundu cha mfupa. Hayo si ya baisepsi, ni ya misuli inayokunja kifundo cha mkono na kugeuza kiganja chini. Kwa mtu mzima, punguza mzigo kwa nusu kwa wiki 3, acha meza, endelea na mizigo myepesi isiyoamsha maumivu. Kwa kijana ambaye mifupa bado inakua, maumivu ya mahali hapo yanaweza kuwa kipande cha mfupa kimebanduka kwenye mkono. Apigwe picha ya eksirei. Vijana wa umri huo wasicheze kwa nguvu zote na wasizoezwe kwa mizigo mizito ya kushikilia.

Siku 10 kabla ya mashindano

Acha kushikilia pembe kwa mizigo mizito. Baki na nyundo nyepesi, seti 2, na kiganja seti 2, mara mbili ndani ya siku hizo. Siku ya mchezo pasha kama hatua ya 5, kisha shikana na mwenzako mara 4 au 5 kwa nusu ya nguvu, sekunde 3 kila moja, ukipanga pembe tu. Wale utakaowaona pembeni ya ukumbi wakikunja dambeli nzito ili mishipa itokeze, waache waendelee. Mkitaniana mtaniane, lakini ukipangiwa na mmoja wao, nenda moja kwa moja kwenye vidole vyake.